Mgeni wa ukumbini na mgeni wa Zoom: jinsi ya kupokea watafiti kwenye kongamano hapa Arusha

Kila ikikaribia miezi ya makongamano simu yangu haitulii. "Dada samahani, tumepewa kongamano chuoni, watu mia na hamsini ukumbini na wengine Zoom, tunaanzia wapi?" Kesho yake mwingine kutoka Moshi, swali lile lile, keshokutwa mwingine tena. Nimechoka kutuma voisi za dakika saba saba, so nimeandika yote hapa, soma mpaka mwisho ndo uniulize.

Mimi sio fundi mitambo wala sio mtafiti. Nilianza kwa kushika bango la majina pale uwanja wa ndege wa KIA, nikakaa dawati la mapokezi, sa hivi naratibu. Na kazi ipo kweli, maana AICC, kituo cha mikutano pale mjini, kina ukumbi wa Simba unaobeba watu zaidi ya elfu moja, chuo cha Nelson Mandela kipo Tengeru, TAWIRI, taasisi ya utafiti wa wanyamapori, makao yao ni hapa hapa, ukienda Moshi kuna hospitali ya KCMC, kuna chuo cha Ushirika, kuna chuo cha wanyamapori Mweka kule juu. Wanasayansi hawaishi kuja. Ukarimu tunao wa kumwaga, ila ukarimu wetu unaishia mlangoni pa ukumbi. Yule wa Zoom tunamtupia linki tu, kama mtu uliyemwelekeza nyumbani kwako afu akifika anabisha hodi mpaka anachoka.

Kabla hujaanza uwe na hivi

- Mtu mmoja ambaye kazi yake ni wageni wa mtandaoni TU. Asiwe mbadilisha slaidi, asiwe mpiga picha, asiwe yule kijana wa IT ambaye kila mtu anamwita "dogo njoo, printa imegoma". Mimi namwita mlinda mlango wa Zoom. Kama huna mtu huyu usitangaze haibridi, yaani ukumbini na mtandaoni kwa pamoja, fanya la ukumbini utume rekodi baadaye, hakuna atakayekulaumu.
- Akaunti ya Zoom ya kulipia. Ya bure inakata kwenye dakika 40 na haizidishi watu 100, na usiniambie mtakuwa mnaingia upya kila baada ya dakika 40, nimeona watu wakijaribu.
- Laptopu mbili, moja ya slaidi na moja ya kuendesha Zoom.
- Waya wa mtandao mrefu wa kutoka kwenye rauta mpaka meza ya mitambo, na rauta ya akiba yenye laini ya kampuni nyingine.
- UPS, yaani betri ya akiba, ya rauta, laptopu na mikisa (ile mashine ya kuchanganya sauti). Jenereta ya ukumbi ni sawa, ila uliza ina mafuta na nani ana ufunguo.
- Maiki angalau nne, mbili ziwe za kutembea kwa ajili ya maswali.
- Extension na adapta kama kumi hivi. Soketi zetu nyingi ni za pini tatu kama za Uingereza, Mjerumani na Mmarekani watakuja na chaja zisizoingia na watakuja wote kwako.
- Orodha moja ya wageni. Sio ya katibu, ya mhasibu na ya dereva. Moja.

Hatua ya 1: Jaza orodha vizuri

Kwa kila mgeni andika jina anavyotaka lisomeke kwenye beji, namba yenye WhatsApp, ndege na uwanja anaoshukia, chakula asichokula, na kama anatoa mada akiwa ukumbini au akiwa kwao. Ongeza na safu moja ambayo wengi wanaisahau: akikwama safari atahamia mtandaoni? Maana siku tatu za mwisho kuna watu visa imechelewa, mwingine ndege imemwacha, mwingine mtoto anaumwa, na kama hukuwa umeuliza unaanza kuhangaika na linki saa nne usiku.

Hilo la jina usilione dogo. Waethiopia kwa mfano hawana jina la ukoo, la pili ni la baba, so Daktari anaitwa kwa jina lake la kwanza. Ukiandika Dkt. na lile la mwisho peke yake umempa cheo mzee wake.

Hatua ya 2: Barua ya mwaliko

Itoke miezi miwili kabla, sio wiki mbili. Iwe na jina kama lilivyo kwenye pasipoti, tarehe, ukumbi, na nani anagharamia. Visa inaombwa mtandaoni kwa Uhamiaji, ile ya kawaida ya kuingia mara moja ni dola 50 na Wamarekani wao wanalipa 100, ila aina ipi inamfaa anayekuja kutoa mada waulize Uhamiaji wewe mwenyewe, jibu lao ndo uliweke kwenye barua. Usimwachie mgeni abahatishe. Wakenya, Waganda, Wanyarwanda na Warundi hawahitaji visa, na wengi wao wanakuja na shato kutoka Nairobi kupitia Namanga, kwa hiyo hao usiwawekee gari KIA.

Kwenye barua hiyo hiyo weka na haya, mistari michache tu: cheti cha homa ya manjano kwa anayetoka nchi zenye ugonjwa huo au aliyekaa transiti huko zaidi ya saa 12, mifuko ya plastiki imekatazwa tangu tarehe 1 Juni 2019 so asifungie viatu humo, na sweta. Ndiyo, sweta. Arusha iko kama mita 1,400 juu ya bahari, na mgeni akija Julai na kaptula akidhani Afrika yote ni joto, ile baridi ya asubuhi itamfundisha adabu. Moshi ni chini kidogo, huko anaweza kupumua.

Angalia hapa: kuna wageni wanadhani wakishakuja kongamano wanaweza kupita Meru kuchukua sampuli za udongo au wadudu warudi nazo. Hapana. Utafiti una kibali chake COSTECH, tume ya sayansi na teknolojia, na ukihusu wanyamapori TAWIRI nao wanahusika. Waambie mapema, kabla hawajafika na vichupa vyao.

Hatua ya 3: Saa, saa, saa

Hapa ndo nilipoaibika mimi. Mwaka wangu wa pili niliandika kwenye ratiba ya Kiingereza "3:00" kwa mada ya asubuhi, kichwani nafikiri saa tatu yetu. Profesa mmoja wa India akaingia Zoom saa tisa alasiri, amevaa tai, slaidi tayari, mada yake imeshapita na mwenyekiti alishatangaza kwamba mtoa mada hakutokea. Niliandika barua ya kuomba radhi kwa mkono unaotetemeka.

So ratiba ya wageni andika mfumo wa saa 24, 09:00, 15:00, na pembeni weka UTC+3, maana yake saa yetu iko masaa matatu mbele ya saa ya kimataifa. Ratiba ya Kiswahili andika saa 3 asubuhi. Usichanganye kwenye karatasi moja.

Halafu panga mada ukijua mwenzio yuko wapi. Sisi tukiwa saa 3 asubuhi, Accra ni saa 12 alfajiri, London saa 12 au saa 1 kutegemea majira, Delhi saa 5 na nusu, Tokyo saa 9 alasiri, na New York ni saa 7 au 8 USIKU. Mtu wa New York ukimwekea mada asubuhi yetu umemkomoa. Dirisha zuri ni kuanzia saa 9 alasiri hadi 12 jioni, Marekani ya mashariki ndo wanakunywa kahawa, Ulaya ni mchana, India ni jioni, Tokyo tu ndo wanasinzia. Weka humo mada zote za pamoja, asubuhi acha warsha za walio ukumbini. Na kama tarehe zenu zinaangukia Machi au mwisho wa Oktoba kagua mara mbili, kwa sababu Ulaya na Marekani wanabadilisha saa kwa wiki tofauti, sisi hatubadilishi.

Hatua ya 4: Kumpokea uwanjani

Tuna viwanja viwili na wageni hawajui. KIA kwenye tiketi inaandikwa JRO, kiko kati ya Arusha na Moshi, kama kilomita 50 kutoka Arusha mjini. Ule mdogo wa Kisongo ni ARK. Soma tiketi, usisikilize mdomo, kwa sababu mgeni atakwambia "nashuka Arusha" akimaanisha chochote. Tulishawahi kuwa na dereva Kisongo na mgeni KIA, wote wawili wamesimama wanatazama mlango.

Mtumie mgeni picha ya dereva, namba ya gari na namba ya simu kabla hajapanda ndege, akishapanda hasomi. Dereva awe na bango lenye jina la mgeni na la kongamano, simu yenye chaji, na ajue jina la hoteli. Weka saa moja na nusu ya barabarani, Usa River na Tengeru kukikaza kunakaza. Mwambie mgeni pia gari limeshalipwa au bado, na kama anatakiwa kulipa mwandikie kwa shilingi, tangu 2025 kuna kanuni zinazokataza bei za ndani kutozwa kwa dola.

Hatua ya 5: Intaneti na umeme

Laptopu ya Zoom iunganishwe kwa waya. Waifai ya ukumbi waachie washiriki, watakuwa humo mia mbili wanatuma picha za chai. Pima spidi ya kupandisha, sio ya kushusha peke yake, kwa sababu ninyi ndo mnaorusha. Video ya ubora wa juu kabisa ya Zoom inataka kama megabiti 4 kwa sekunde kupandisha, mimi nikiona chini ya 10 natafuta njia nyingine, maana mtandao huwa unapanda na kushuka.

Kosa la kila mtu: wanapima Jumapili ukumbi mtupu, wanafurahi. Pima siku ya kazi, saa zile zile za kongamano.

Na mpe mtu wa pili haki za kuendesha Zoom, awe NJE ya ukumbi kabisa, nyumbani kwake Njiro au Sakina au hata Dar, umeme tofauti na mtandao tofauti. Mkizimika ninyi yeye anabaki na wageni anawaambia subirini.

Hatua ya 6: Sauti, hapa ndo kongamano linafia

Picha ikiwa mbaya watu wanavumilia. Sauti ikiwa mbaya wanaondoka, na hawakuagi.

Kitu cha kuelewa ni kimoja tu. Sauti za ukumbini ziende Zoom, sauti za Zoom zije kwenye spika za ukumbi, lakini kilichotoka Zoom kisirudi Zoom. Kikirudi, mtoa mada wa kule anajisikia mwenyewe sekunde moja nyuma na hakuna binadamu anayeweza kuongea hivyo. Fundi wako mwambie hivi: maiki zote zipeleke kwenye AUX (njia ya pembeni ya kutolea sauti kwenye mikisa) inayoingia laptopu ya Zoom, na chaneli ya Zoom kwenye AUX hiyo hiyo ishushe mpaka sifuri. Akikuangalia kama hajaelewa tafuta fundi mwingine mapema. Fundi wa harusi ni mzuri sana kwa harusi.

Pili, laptopu nyingine yoyote ukumbini iliyoingia Zoom, izimwe maiki NA spika. Profesa wa mstari wa mbele atafungua Zoom kwenye laptopu yake "nione slaidi vizuri" afu spika za ukumbi zinapiga mluzi. Mtafute taratibu, mwinamie, shikamoo profesa, naomba nikusaidie kidogo. Usimtangaze kwenye maiki.

Tatu, maiki ya maswali. Mtu akiuliza bila maiki ukumbini mmesikia, Zoom wameona mdomo tu unachezacheza. Mwenyekiti akatae swali lisilo na maiki, akishindwa kukataa alirudie yeye.

Hatua ya 7: Mazoezi na watoa mada wa mtandaoni

Wiki moja kabla, dakika kumi kila mmoja. Aonyeshe slaidi, azime na kuwasha maiki, umwone uso. Muombe slaidi kwa PDF na video ya mada aliyojirekodi, hiyo ndo bima yako, na namba ya simu ya kawaida. Watakataa wachache, "nina uzoefu", hao hao ndo watakaoshindwa kushea skrini.

Hatua ya 8: Asubuhi ya kwanza

Ukumbini: beji zimepangwa kwa herufi, jina kubwa linalosomeka kwa mtu aliyesimama hatua tatu, watu wawili dawatini na wa tatu anayezunguka. Mgeni akifika msalimie kwanza, karatasi ya kusaini baadaye. Kibandiko cha rangi kwenye beji kwa asiyetaka kupigwa picha, na kwenye fomu ya usajili uwe umeshaomba ridhaa ya kurekodi, tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 na watafiti wanaijua kuliko wewe.

Mtandaoni: fungua nusu saa kabla. Kikao kiwe na nywila na chumba cha kusubiri, mlinda mlango anaruhusu mmoja mmoja, anamsalimia kwa jina, "karibu Dkt. fulani, unatusikia?" Sekunde tano tu. Kwenye skrini kuwe na slaidi yenye ratiba, saa ya sasa hivi Arusha, na namba ya WhatsApp ya msaada. Kushea skrini wazime washiriki wa kawaida, na linki usiitupe kwenye magrupu ya wazi, kuna watu kazi yao ni kuvamia vikao vya wenzao na picha chafu.

Hatua ya 9: Ufunguzi

Ufunguzi wetu unaujua. Mgeni rasmi yuko njiani, itifaki imezingatiwa lakini bado inasomwa, utambulisho dakika arobaini. Ukumbini watu wanapiga stori, hawana shida. Wa Zoom anatazama kiti kitupu chenye kitambaa cheupe na anajiuliza kama mtandao wake umeganda. Kila dakika tano mlinda mlango aandike kwenye chati nini kinaendelea. Hotuba ikiwa ya Kiswahili aandike muhtasari wa Kiingereza, mistari minne inatosha.

Kama kuna ngoma washa kitufe kilichoandikwa Original Sound kwenye laptopu ya Zoom. Bila hicho Zoom inaona ngoma ni kelele inazifuta, watu wa kule wanaona Wamasai wanaruka kimya kimya. Ikiisha kizime.

Hatua ya 10: Maswali

Swali la kwanza litoke mtandaoni. Kila mara. Mwambie mwenyekiti kabla, muandikie na kikaratasi. Ukianza na ukumbi muda unaisha, mwenyekiti anasema "kwa bahati mbaya wa mtandaoni tumeishiwa muda", na niliwahi kumwona mtu ameinua mkono kwenye skrini dakika ishirini na tano, mkono wa njano pale juu, hakuna aliyemuona isipokuwa mimi na mimi nilikuwa nahesabu vocha za chakula. Kuanzia siku hiyo nikaanza kuweka mlinda mlango, akae mstari wa mbele mwenyekiti anapomwona.

Hatua ya 11: Mabango ya utafiti na chai

Mabango ya mtandaoni yanasahaulika. Omba PDF, mpe kila mmoja chumba chake kidogo ndani ya Zoom na nusu saa yake, halafu peleka watu wa ukumbini wawili watatu waingie na simu na hedifoni, wasiingie wakiwa karibu na maiki.

Chai nitapita haraka: andika majina ya vyakula, tenga wasiokula nyama, nyama ya nguruwe ikae mbali na yenye alama. Mtori na ndizi nyama wageni wanapenda. Mbege mwambie mtu ni pombe kabla hajaisifia kuwa ni uji mtamu. Wakati wa chai Zoom iwe na slaidi ya "tunarudi 11:00 UTC+3" na maiki za ukumbi ZIMEZIMWA, maana yanayosemwa wakati wa chai hayahitaji kurekodiwa.

Mambo yakiharibika

*Mwangwi.* Zima maiki zote za ukumbi, washa moja moja. Ukiona unarudi hata maiki zote zikiwa zimezimwa, tatizo ni AUX au kuna laptopu ya mtu.

*Umeme umekatika.* UPS inashika mitambo, mtu wa nje anawaambia wa Zoom, jenereta inawashwa, mtoa mada anaanza alipoishia. Usianze upya mada.

*Mtandao wa ukumbi umekufa.* Hamia rauta ya akiba, zima kamera ya ukumbi ubaki na sauti na slaidi. Sauti inakula kidogo sana.

*Mtoa mada wa mtandaoni hayupo.* Mpigie simu ya kawaida. Dakika mbili zikipita cheza video yake, akipatikana aje kujibu maswali tu.

*Anapatikana ila anakatakata.* Azime kamera. Bado? Piga simu, weka spika ya simu kwenye maiki, slaidi zake ubadilishe wewe kutoka kwenye ile PDF.

*Mgeni hajaonekana KIA.* Mara nyingi yuko ndani, foleni ya visa au begi halijaja. Dereva asiondoke mpaka saa mbili zipite tangu ndege ishuke, na akiondoka akupigie kwanza.

*Watu wanauliza posho inalipwa lini.* Mhasibu awe na meza yake, chumba kingine, mbali na dawati la mapokezi na mbali zaidi na maiki.